Tausi Asiye na Mkia

Kila asubuhi, kabla duka la Wainaina pale Kanamkemer, mjini Lodwar, halijapokea wateja, Chepkirui alikuwa na kazi yake ndogo. Alinyunyiza maji mlangoni ili vumbi lilale, akafagia mchanga uliopenya chini ya mlango, kisha akachukua brashi laini ya rangi na kupangusa cherehani, redio na printa zilizongoja matengenezo, kama mtu anayewasafisha watoto nyuso kabla ya shule. Aliipenda saa hiyo kwa sababu haikumdai aseme na mtu. Siku hiyo brashi ilikuwa bado mkononi simu ya duka ilipolia, na kwa kuwa Wainaina hajafika, ikambidi aipokee.

Alikuwa Nyaduoth wa Kakuma, mama anayeongoza kikundi cha wanawake wanaotarizi nguo katika ukumbi wa kanisa kule kwenye kambi ya wakimbizi. Aliongea mbiombio, Kiswahili chake kikijikwaa kwenye Kiarabu cha Juba, na Chepkirui akalazimika kuziba sikio la pili ili amfuate. Harusi ya bintiye, Nyaruach, imesogezwa mbele. Itakuwa Jumamosi hii, kwa sababu lori linalowapeleka watu nyumbani Sudan Kusini kupitia mpaka wa Nadapal linaondoka Jumapili, na maharusi wamepata nafasi humo. Kwa hiyo kesho ile milaya, shuka la harusi la marehemu mama yake Nyaduoth, itaingia kwenye mashine ya kutarizi ya kikundi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mashine ni nzima.

Chepkirui alitaka kusema hapana. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

"Nitamwambia bosi, mama," alisema.

Simu ilipokatika alibaki amesimama na ile brashi. Aliijua mashine ile. Sindano yake haitoki mahali pake. Kinachotembea ni fremu iliyobana kitambaa, na fremu huvutwa na mota mbili, moja kwa kulia na kushoto, nyingine kwa mbele na nyuma. Ni mota zinazokwenda kwa hatua. Ubongo wa mashine ukituma amri, mota hupiga hatua moja, ndogo kuliko unene wa uzi. Ubongo huhesabu amri ulizotuma, na kwa hesabu hiyo hujiambia fremu iko mahali fulani. Hauangalii. Kitu kikiizuia fremu, mota hunguruma tu pale ilipo, hatua inapotea, na ubongo unaendelea na hesabu zake kana kwamba agizo limetimizwa. Mwezi uliopita wanakwaya walitariziwa skafu, na msalaba ukatoka na mkono mmoja umehamia shingoni. Wainaina alikwenda akakaza mikanda, akaziongezea mota nguvu ya umeme, akatarizi ua dogo kwenye leso ndogo ya mkononi. Ua likanyooka, wanawake wakapiga vigelegele, naye akarudi Lodwar akisema mashine imepona. Chepkirui alikuwa pale. Aliona kwamba leso si shuka, wala hakusema.

Na milaya ile aliiona pia. Ni shuka la pamba ambalo huko kwao mama humtarizia bintiye kwa mkono ili aolewe nalo. Hili lilianzwa na mama yake Nyaduoth, bibi yake Nyaruach, katika miaka yao ya kwanza kambini. Weupe wake ulishageuka rangi ya chai ya maziwa. Katikati alikaa tausi: shingo ya bluu, kifua, bawa moja lililojaa mishono midogo isiyopishana hata kidogo, na nyuma ya bawa, pale mkia ulipotakiwa kufunguka, pamba tupu. Bibi alikufa msimu wa mvua, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa. Iliachwa hapo muda mrefu hata ikaacha doa la kutu.

Mkia huo sasa ulikuwa ndani ya mashine. Chepkirui ndiye aliyeuchora kwenye kompyuta, akifuata picha ya tausi na kukisia vile mkono wa bibi ungalikwenda. Mshono wa kwanza wa mashine ulitakiwa kushuka pale pale mshono wa mwisho wa bibi ulipoishia. Fremu ikiteleza upande wa kushoto, sindano ya chuma isiyochoka ingerudi na kulitoboa lile bawa, na kulitoboa tena, mpaka mtu akimbilie swichi. Uzi wa mtu aliyekufa haushonwi upya.

Wainaina alipofika alimsikiliza huku akivua kofia. Alimuuliza kama leso aliiona au hakuiona. Akasema aliiona. Akamuuliza sasa anaogopa nini. Chepkirui alieleza kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila sentensi, mpaka mwisho alikuwa kama anaiambia meza. Wainaina hakuwa mtu mbaya. Alicheka, akamwambia kama mashine inamnyima usingizi aende akailinde, ila asije akaiharibu kwa kuitengeneza.

Kabla ya kuondoka Chepkirui alifungua printa mbili zilizokufa zamani akachomoa tepe zake. Ni ukanda wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye mistari myembamba kuliko nywele, na pamoja nao huenda kijicho cha mwanga kinachoisoma mistari hiyo. Ndani ya printa, ukanda huo ndio unaosema kichwa cha wino kiko wapi hasa, si kilipotumwa. Akachukua na bodi ndogo aliyoifanyia mradi wake wa mwisho chuoni Eldoret, taa nyekundu ya ukubwa wa punje ya mtama, na chuma cha kulehemu. Njia nzima hadi Kakuma aliukumbatia mfuko huo mapajani, akirudia kimya maneno atakayowaambia wale akina mama. Alipofika yote yalikuwa yamemtoka.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa wa mabati, na madirishani yaliangikwa magunia yaliyoloweshwa ili vumbi lisiingie. Nyaduoth alikuja kumpokea mlangoni, mrefu, kitambaa cheusi kichwani, akamshika mikono miwili na kumwita binti yangu. Nyaruach alikuwa ameketi karibu na dirisha akisuka uzi wa mapambo. Alikuwa msichana mkimya, na tangu harusi isogezwe alizidi kuwa kimya. Na kwenye kiti cha mbele, miguu imenyooshwa, alikaa Mchungaji Gatkuoth, mjomba wa bwana harusi, mtu wa mizaha ambaye hata mazishini watu humwogopa asije akawachekesha.

Ni yeye aliyelianzisha jambo hili, ingawa hakukusudia. Siku jamaa za bwana harusi walipokuja kuonyeshwa vitu vya bibi harusi, milaya ilitandazwa, na Gatkuoth akasema kwamba tausi asiye na mkia ni kuku. Watu walicheka mpaka wakajifuta macho. Nyaduoth alicheka nao. Shangazi mmoja akaongeza kwamba shuka la nusu ni ndoa ya nusu, na hapo hakuna aliyecheka. Siku iliyofuata Nyaduoth aliulizia kama mashine inaweza kumaliza mkia.

Chepkirui aliomba kwanza afunge vitu vyake, na baada ya hapo wajaribu kwa shuka kuukuu. Alitarajia wamnung'unikie, siku zilikuwa chache na nguo za wapambe bado. Wengine walinung'unika kweli. Lakini Nyaduoth alisema mwacheni binti afanye kazi yake, akaenda mwenyewe kutafuta shuka kuukuu, na akakawia kurudi.

Alifunga ukanda mmoja ubavuni mwa fremu na mwingine mbele yake, vijicho vikitazama mistari, kisha akaiunganisha ile bodi ndogo na ubongo wa mashine. Gatkuoth alisogea akataka kujua ni dawa gani anaipaka mashine. Chepkirui, akiwa ameinama ili asione watu wanavyomtazama, alimweleza kwamba mpaka sasa mashine ilikuwa ikitoa amri bila kujua kama imefika. Ukanda utaiambia ilipo kweli. Amri na mahali visipokubaliana, taa itawaka na mashine itasimama yenyewe.

"Kumbe miaka yote hii ilikuwa inaamini bila kuona," alisema Gatkuoth. "Mimi sina muumini kama huyo. Na wewe binti unakuja kumharibu."

Ukumbi uliangua kicheko. Chepkirui alitabasamu kidogo, masikio yakimwaka moto.

Shuka kuukuu liliwekwa, wanawake wakalinyoosha, mashine ikaanza. Sindano ilicharaza, fremu ikacheza huku na huku, mstari wa kwanza wa mkia ukajikunja vizuri juu ya pamba. Kisha taa nyekundu ikawaka na kila kitu kikanyamaza.

Walijaribu tena. Taa ikawaka mapema zaidi. Basi ilikuwa kweli. Fremu inateleza, na kama asingekuja, kesho saa kama hii bawa lingekuwa matundu. Aliwaza hivyo, na badala ya kufarijika akazidi kuogopa, kwa sababu sasa alilijua tatizo na hakuijua dawa yake. Alimpigia Wainaina. Wainaina alisikiliza, kisha akamwambia ameiwekea mashine askari polisi, na sasa maskini inaogopa kutembea. Aving'oe vitu vyake aone kama haitakwenda. Akina mama waliokuwa karibu walisikia, wakaanza kumwita afande.

"Afande, mashine imekosa nini?"

"Afande, mfungulie huyo, ana watoto nyumbani."

Hakuving'oa. Alipiga magoti akaanza kupapasa fremu kwa vidole, reli, mkanda, tena reli, akitafuta kinachoshika. Reli ilikuwa safi. Mikanda ilikuwa imekaza. Alipojisogeza, pindo la shuka lililoning'inia mezani likamgusa shavuni, na lilikuwa baridi. Alilishika. Lilikuwa limelowa chepechepe, zito kama mtoto aliyelala.

Aliuliza nani amelilowesha. Walishangaa swali. Wote wamelilowesha, hapa Kakuma nani anatarizi nguo kavu? Unailowesha kwanza ili vumbi lishuke na pamba itulie chini ya sindano. Mama zao walifanya hivyo kwa mkono, wao wakafanya hivyo kwa mkono, na mashine ilipokuja hawakuona sababu ya kuacha. Leso ikilowa haina uzito wowote. Skafu ikilowa inazidi kidogo, na msalaba unahama kidogo. Lakini shuka zima la kitanda, likivuta sakafuni huku mota ndogo ikilibeba huku na huku, lilikuwa mzigo wa punda.

Hakuna aliyetamani kukubali, maana hakuna aliyekosea. Mama mmoja alisema mashine ya kweli haiwezi kushindwa na maji. Chepkirui hakubishana. Aliomba tu shuka lianikwe, na jua la Kakuma halikuchukua muda. Baadaye aliwaomba wanne washike pindo kila pembe na walifuate shuka linapokwenda, wasilivute, wasiliachie. Walisimama hivyo, wakicheka kwamba sasa wamekuwa wachezaji wa ngoma ya mashine, na sindano ikaanza tena.

Safari hii taa haikuwaka. Mkia ulifunguka unyoya kwa unyoya, kijani, bluu, dhahabu, macho yake madogo yakijaa moja baada ya jingine, na Chepkirui hakuuangalia hata mara moja. Aliitazama ile taa kama mtu anayeangalia kifua cha mgonjwa. Mashine iliposimama ilikuwa imesimama kwa sababu imemaliza. Sindano ilirudi mahali ilipoanzia na kuning'inia juu ya tundu lake la kwanza, haikupotea hata upana wa uzi.

Vigelegele vikapigwa. Gatkuoth alisema kwamba kumbe askari naye ana faida. Chepkirui aliketi kwenye benchi, akapewa chai.

Kisha milaya yenyewe ikaletwa, haikungoja tena kesho. Nyaduoth aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na kanga, na ndani ya kanga ndiyo milaya. Aliibeba kwa mikono yote miwili. Akina mama waliacha utani. Ilikuwa kavu, pindo zake zikapokewa na mikono minne, na Chepkirui akaisogeza fremu polepole, akiinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa, hadi ncha ya sindano ikawa juu kabisa ya mshono wa mwisho wa bibi. Gatkuoth aliomba kwa ufupi, bila mzaha. Nyaruach alikuwa ameinuka kutoka dirishani, amesimama nyuma ya mama yake.

Ilikubaliwa kwamba Nyaduoth ndiye atakayebonyeza kitufe. Akauweka mkono wake karibu nacho.

"Mama, tuko tayari," alisema Chepkirui.

"Sawa."

Mkono haukusogea. Baada ya kitambo Nyaduoth aliuliza kama si vizuri wajaribu tena kwa lile shuka kuukuu. Chepkirui akamjibu kwamba limejaribiwa, na limekwenda vizuri. Nyaduoth akasema labda upepo utavuma. Hakukuwa na upepo. Akasema labda umeme utakatika katikati. Mtu akamjibu kwamba jenereta ina mafuta. Akasema sawa. Akacheka kidogo, akasema tena sawa, na mkono ukabaki pale pale.

Chepkirui aliogopa tena. Alitazama taa, ilikuwa imezimika, kila kitu kilikubaliana. Mashine sasa ilijua ilipo. Hofu haikutoka kwenye mashine tena. Aligeuka akamtazama Nyaduoth usoni, na akagundua kwamba kwa muda wote huu, tangu lile shuka kuukuu lililochelewa kuletwa, kila taa ilipowaka na mashine kusimama wote walihuzunika isipokuwa mtu mmoja. Walikuwa wamempelekea mama huyu maagizo mengi. Mkia umalizwe, harusi isogezwe, milaya iletwe. Na kila alipojibu sawa, walihesabu kwamba amefika.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Kazi yake ilikuwa mashine, na watu hawa hawakuwa jamaa zake. Yeye ni msichana wa Kericho aliyekuja na waya mfukoni.

"Mama," alisema, kwa sauti ndogo sana ikabidi watu wa nyuma wainamishe vichwa, "wewe mwenyewe unataka?"

"Iko sawa tu, binti yangu."

"Sikuulizi kama ni sawa."

Mmoja wa wale waliolishika pindo alibadilisha mkono. Nyaduoth alitazama ile sindano iliyoning'inia, kisha akauondoa mkono wake kwenye kitufe na kuulaza juu ya kitambaa, chini ya ncha, akilifunika bawa lote. Alipozungumza hakumtazama Chepkirui, alimgeukia bintiye.

"Mimi sitaki," alisema. "Nyaruach, sikia. Mimi sitaki mashine imalize. Wazee wanacheka, sawa, wacheke. Mimi pia nimecheka. Lakini mkono ya mama yangu ilifika hapa, na hapa ikachoka. Mimi nataka wewe uolewe na mkono yake vile ilifika."